Kuhani Aliyeshikwa Mkono

Kwenye ukuta mmoja wa hekalu la Dendera, kusini mwa Misri, kuna mchongo ambao mgeni akipita haraka ataukosa. Kuhani anatembea akiwa amevaa kichwa cha mbweha: masikio yamesimama, pua ndefu imetangulia, kama Anubis, mungu wa maziko, anavyoonekana katika picha zote. Ila mchongaji huyu alifanya jambo ambalo wenzake kwa karne nyingi hawakuthubutu. Alikichora kile kichwa cha mbweha kama kioo, ukitazama unakiona kichwa cha mtu kilichomo ndani. Na kuhani wa pili yupo naye, amemshika, anamwongoza, kwa sababu aliye ndani haoni njia.

Ungeweza kusema fundi alikuwa na utani wake. Lakini katika jumba la makumbusho la Roemer und Pelizaeus, mjini Hildesheim, Ujerumani, kipo kitu chenyewe: kichwa cha Anubis cha udongo wa kuchoma, cha karne za mwisho kabla Alexander Mkuu hajaingia Misri. Uzito wake ni karibu kilo 8. Upande wa chini kimekatwa ili kikae mabegani. Matundu ya kuonea yapo, ila hayako kwenye macho ya mbweha. Yako shingoni, chini ya mdomo. Ukikivaa, macho ya mungu yanatazama mbele kutoka juu ya utosi wako, na wewe unachungulia kupitia koo lake. Mtu anaweza kubisha kwamba kitu kizito namna hii kilikuwa kalibu tu ya kufinyangia vichwa vyepesi vya kitani. Sawa, lakini kalibu ina haja gani ya matundu ya kuonea na nafasi ya mabega?

Nimeanza na huyu anayeshikwa mkono kwa sababu mazungumzo ya barakoa za Misri huishia kila mara kwenye dhahabu. Tangu Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lifunguliwe rasmi karibu na piramidi za Giza, tarehe 1 Novemba 2025, uso wa Tutankhamun, yule farao kijana, umerudi kwenye simu za watu, na maneno yanayoandamana nao ni yale yale: utajiri, laana, mafumbo. Nadhani tunatazama pasipo. Mbele ya barakoa ya Misri swali la maana ni hili: hapa nani anaona? Aliye hai akiivaa, anapoteza macho yake. Aliyekufa akivalishwa, anapewa macho. Na kati ya hao wawili amesimama mungu mmoja mweusi mwenye masikio marefu.

Kiswahili chenyewe kinatupoteza kidogo hapa. Neno barakoa, kabla korona haijalipeleka hospitalini, lilikuwa la mabibi wa Unguja na wa nchi za Ghuba: kitambaa kigumu kilichofunika uso na kuacha macho. Kinyago nacho ni kitu cha kuchonga, na wahenga wakakimaliza kwa methali, kwamba ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Basi masikioni mwetu barakoa huficha na kinyago hutisha. Wamisri wa kale waliiita barakoa ya maiti tep en sheta, kichwa cha siri, na haja yao haikuwa kuficha wala kutisha. Nitaendelea kusema barakoa kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo, ila msomaji aliondolee ile maana ya stara. Na anayeijua ngoma ya mapiko ya Wamakonde, ambamo mchezaji hujitia kichwa kizima cha mti na kuchungulia mdomoni mwake, hatashangazwa sana na yale matundu ya shingoni.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko piramidi. Hierakonpolis, mji wa kale kusini mwa Misri, kwenye makaburi ya wakubwa wa miaka ya 3600 KK hivi, zimepatikana barakoa mbili za udongo zilizopindishwa kufuata uso wa mtu, zikiwa na matundu nyuma ya masikio ya kupitishia kamba. Wakati huo Misri haikuwa na farao hata mmoja. Miaka zaidi ya 1,700 baadaye, katika mji wa wafanyakazi wa Kahun, mtu fulani aliweka nyumbani kwake barakoa ya kitani kilichokazwa kwa lipu, yenye uso wa Bes, yule mungu kibete mwenye sura ya simba anayelinda wazazi na watoto wachanga, au wa ndugu yake mmoja. Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, aliifukua mwishoni mwa miaka ya 1880, na sasa iko Manchester. Imechakaa kwa kutumika. Hiyo ni habari ya nyumba ya mzazi, na ina utamu wake. Leo nataka ya nyumba ya msiba.

Anubis ni jina la vinywa vya Wagiriki. Wamisri wenyewe walimwita Anpu, au Inpu, na kumpa sifa zinazoonyesha makazi yake: Aliye juu ya mlima wake, Aliye mahali pa kufungia sanda, Bwana wa nchi takatifu. Nchi takatifu ni makaburini. Zamani sana, kabla Osiris hajapanda cheo kuelekea mwisho wa Ufalme wa Kale, enzi ya piramidi kubwa, dua za sadaka zilizochongwa makaburini zilielekezwa kwa Anubis. Kisha Osiris akawa mfalme wa wafu, na Anubis akageuka fundi wake: ndiye aliyemfunga Osiris sanda ya kwanza, ndiye anayesimamia mizani siku ya kupima moyo. Alishushwa kutoka utawala hadi ufundi. Ukiniuliza, huko kushushwa ndiko kulikomfanya adumu, maana mfalme unamsujudia kwa mbali, lakini fundi anaingia hadi chumba cha maiti.

Kwa nini mbweha? Jibu la kawaida ni la maana. Makaburi ya kale kabisa yalikuwa mashimo mafupi kwenye mchanga wa ukingo wa jangwa, na mbweha hufukua. Sisi humcheka mtu anayemkabidhi fisi bucha. Wamisri walifanya hivyo hivyo kwa makusudi, na juu ya bucha wakamwongezea cheo. Yule wa kuogopwa zaidi usiku wa maziko akawa mlinzi wa maziko.

Rangi yake nayo haikutoka kwa mnyama. Mbweha wa Misri ana manyoya ya kahawia na kijivu. Weusi wa Anubis ni weusi wa udongo unaoachwa na mafuriko ya Nile, ambao ndani yake ngano huota, na ni weusi wa maiti iliyokolea utomvu. Kwa mabano tu: mwaka 2015 watafiti wa vinasaba walimtenga mnyama huyu na mbweha wa dhahabu wa Asia, wakaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na mbwa-mwitu wa kijivu wa Ulaya. Jamaa yake yuko Serengeti hadi leo. Mtalii anayempiga picha pale akimwita mbweha anapiga picha ya ukoo wa Anubis bila kujua.

Sasa tuingie chumbani. Msomaji wa Biblia anakumbuka Mwanzo 50, Yusufu anapowaagiza waganga wampake baba yake dawa asioze: siku 40 za dawa, na Wamisri wakamlilia siku 70. Hizo 70 ndizo Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, naye anazitaja katika karne ya 5 KK, kwamba mwili haukuruhusiwa kulazwa kwenye chumvi kupita hapo. Chumvi yenyewe ni ya jamaa ya magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage. Herodotus anasimulia pia jinsi biashara ilivyofanyika. Jamaa wa marehemu walionyeshwa vielelezo vya mbao, vya bei tatu, wachague. Kile cha bei ya juu kilifuata mfano wa mmoja ambaye Herodotus anasema si halali kumtaja jina katika jambo kama hilo. Alimaanisha Osiris. Mtu aliyeandika habari za kila kitu, hadi namna Wamisri wanavyokanda unga, hapa aliuma ulimi.

Diodorus wa Sicily, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki aliyeandika karne nne baadaye, ana kisa ambacho kwangu ndicho ufunguo. Kulikuwa na mtu wa kupasua. Kazi yake ilikuwa kukata ubavu wa kushoto wa maiti kwa kisu cha jiwe, pale mwandishi alipopiga alama. Akimaliza tu kukata, alitimua mbio, na waliokuwapo wakamfukuza kwa mawe na laana, kwa kuwa amemjeruhi ndugu yao. Wapaka dawa, kwa upande mwingine, waliheshimiwa, wakaingia mahekaluni na makuhani bila kizuizi. Chumba kimoja, maiti moja, saa ile ile: mmoja anapigwa mawe, mwingine anapewa heshima.

Mimi naisoma hivi. Mkono wa mtu ukiingia ndani ya mwili wa baba yako ni jeraha. Ili usiwe jeraha, lazima uwe mkono wa mwingine. Mkuu wa wapaka dawa alikuwa na cheo cha hery seshta, mwenye kusimamia siri, na wataalamu wengi wanaamini kwamba katika nyakati fulani za ibada yeye ndiye aliyevaa kichwa cha Anubis. Ile kilo 8 ya udongo ilimwondoa fundi na jina lake na nasaba yake. Aliyekuwa akifunga sanda tangu hapo hakuwa mtoto wa fulani wa mtaa wa fulani. Mfinyanzi wa Hildesheim angeikataa ile methali yetu ya kinyago: alijua udongo ameuchimba wapi, na bado, kikishavaliwa, yeye pia angeinama.

Hapa ndipo kuna ubishi wa miaka mingi. Katika karatasi ya mafunjo ya mwandishi mmoja wa Misri, Hunefer, iliyoko British Museum, ya miaka ya 1280 KK hivi, mbele ya kaburi amesimama Anubis, amekumbatia maiti kwa nyuma ili isianguke. Mkewe Hunefer analia miguuni pa maiti. Makuhani wanainua tezo ya kufungulia mdomo, ili marehemu ale na aseme tena, na nyuma yao yupo wa tatu, mwenye ngozi ya chui. Je, yule aliyekumbatia ni mungu au ni kuhani aliyevaa barakoa? Wapo wanaodai kwamba karibu kila mtu mwenye kichwa cha mnyama katika picha za Misri ni binadamu aliyejivika. Wapo wanaosema hapana, barakoa zilizobaki ni chache mno kubeba dai zito hivyo, na miungu ilichorwa hivyo kwa sababu ndivyo ilivyochorwa.

Wa pili wana hoja kwenye hesabu: vichwa vya kuvaliwa vilivyofukuliwa ni vya kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza wana hoja kwenye maisha, maana mbele ya mlango wa kaburi lazima mtu fulani wa nyama na damu aliishika ile maiti isianguke. Lakini nadhani mchoraji wa Hunefer angewashangaa wote. Angeweza kuuchora mstari mmoja tu wa uso wa mtu ndani ya pua ya mbweha, kama wa Dendera alivyofanya zaidi ya miaka 1,000 baadaye, na ubishi ungekwisha. Hakuuchora. Kwake hapakuwa na la kuonyesha huko ndani.

Barakoa ya maiti ilianza vingine. Wakati wa piramidi za Giza, baadhi ya watu walisiribiwa uso kwa lipu juu ya sanda, ili umbo lisipotee. Ufalme ule ulipovunjika, kuelekea mwaka 2100 KK, zikatokea barakoa zenyewe: tabaka za kitani, gundi na chokaa, zikapakwa rangi na kuvalishwa kichwa kizima hadi kifuani, kama kofia ya chuma ya askari. Na pamoja nazo yakatokea maneno ya kuzisemea. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwenye majeneza, kisha yakaingia katika kile tunachokiita Kitabu cha Wafu, ambacho wenyewe walikiita Kutoka Mchana. Ni sura ya 151. Na nakala yake mashuhuri kuliko zote imechongwa mahali ambapo wapiga picha hawafiki: mgongoni mwa barakoa ya Tutankhamun.

Howard Carter, Mwingereza aliyelifukua kaburi la Tutankhamun, aliiona barakoa hiyo Oktoba 1925, miaka mitatu baada ya kulipata kaburi. Kimo sentimita 54, dhahabu ya kilo 10 na ushee, macho ya kwatzi na obsidiani, nyusi za jiwe la buluu la lapisi lazuli. Vitu hivyo havikuchaguliwa kwa sababu ni ghali tu. Mapokeo ya Wamisri yalisema mungu jua alipozeeka mifupa yake ilikuwa fedha, nyama yake dhahabu, nywele zake lapisi lazuli. Sonara alikuwa akitengeneza mwili wa mungu kwa vifaa vyake vya asili. Asiye na dhahabu alipakwa rangi ya manjano, na maana ikabaki ile ile.

Geuza sasa. Mgongoni, mistari ya maandishi inaanza kumsemesha mtu: jicho lako la kulia ni mashua ya jua ya usiku, jicho lako la kushoto ni mashua ya jua ya mchana, nyusi zako ni miungu tisa, paji lako ni Anubis, kisogo chako ni Horus, misokoto ya nywele zako ni Ptah-Sokar. Mara ya kwanza nilidhani anayesemeshwa ni mfalme. Siye. Endelea kusoma: anaona kwa wewe, wewe unamwongoza kwenye njia njema, unawapiga kwa ajili yake wafuasi wa Seth, adui wa Osiris. Mfalme hapa ni wa kusemwa tu, “yeye”. Anayeitwa “wewe” ni barakoa.

Rudi Dendera. Kuhani aliyevaa uso wa Anubis haoni, mwenzake anamshika mkono. Kaburini mfalme haoni, na aliye mbele yake, mwenye Anubis kwenye paji, anamwongoza. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mchongaji wa Dendera aliwahi kusikia jina la Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilikuwa limesahaulika tangu zamani. Hata hivyo wote wawili wanafanya kazi na wazo moja: katika safari hii hakuna aendaye kwa macho yake.

Ndiyo maana sipendi barakoa hii inapoitwa picha ya kijana mfalme. Uso ule mzuri, usio na kovu wala usingizi, haukutengenezwa ili tumjue Tutankhamun alikuwa na sura gani. Ulitengenezwa kama mtu anavyotengeneza chombo cha safari. Kuusifia urembo peke yake ni kama kusifia rangi za jahazi na kusahau kuuliza linakwenda wapi.

Na yaliyoupata baada ya kufukuliwa yanachoma ukiyasoma pamoja na yale maandishi. Mafuta ya ibada yaliyomwagiwa maiti yalikuwa yamegandisha kichwa ndani ya barakoa. Watu wa Carter walitumia visu vilivyopashwa moto kubandua, na kichwa cha mfalme kikatenganishwa na mwili. Agosti 2014, mjini Cairo, ndevu za barakoa zilitoka zikabandikwa kwa gundi ya epoksi, ya aina inayotumika kwenye vyuma na mawe, kisha mtu akaikwangua na kuacha alama kwenye dhahabu. Wafanyakazi wanane wa makumbusho walifikishwa mbele ya sheria, na mafundi wakairudishia upya kwa nta ya nyuki. Gazeti gani halikuandika habari hiyo? Lakini sikuona aliyeandika kuhusu kutengana kwenyewe. Mfalme bado amelala katika kaburi lake kwenye Bonde la Wafalme. Barakoa iko Giza, karibu kilomita 500 kaskazini. Kwa hesabu ya maneno ya mgongoni, ni miaka 100 sasa yuko gizani bila mwongozaji. Sisemi irudishwe, wezi wangeimaliza kwa wiki. Nasema tu kwamba tunajivunia kuihifadhi, na tulichokihifadhi ni nusu.

Barakoa za watu wa kawaida zina habari nyingine, na kwangu zinapendeza zaidi. Mafundi walizitoa kwa wingi, nyuso zikifanana kama ndugu, jina likingoja kujazwa. Chini ya wafalme wa ukoo wa Ptolemy, wenye asili ya Kigiriki, badala ya kitani kipya, mafundi walianza kutumia karatasi kuukuu za mafunjo: risiti za kodi, barua, mashtaka, mashairi. Walizibandika tabaka juu ya tabaka, wakapiga lipu, wakachora uso wa dhahabu wenye macho makubwa. Hivyo mtu akazikwa amevaa, bila kujua, malalamiko ya jirani kuhusu punda.

Punda nimemtia mimi. Mashairi ni ya kweli. Kutoka katika gamba la maiti mmoja zilipatikana beti za Posidippus, mshairi wa Kigiriki wa karne ya 3 KK: mashairi mafupi zaidi ya 100, mengi yakiwa hayajulikani kabisa, yakachapishwa Italia mwaka 2001. Ni hazina, sikatai. Ila kwa miaka mingi njia ya kuzipata hazina hizo ilikuwa kuloweka barakoa hadi uso uyeyuke. Fikiria uamuzi uliomo humo: uso wa Mmisri aliyekufa ulihesabiwa kuwa bahasha, na barua ya maana ni ya Kigiriki. Leo kuna mitambo ya kusoma tabaka bila kuzichambua, nayo inazidi kuwa mizuri kila mwaka. Nyuso zilizoyeyushwa hazitarudi.

Kutumia mwili wa Mmisri kwa haja nyingine si jambo geni hata katika lugha yetu. Neno mumia, yaani maiti iliyokaushwa, lina ndugu yake pwani: mumiani. Asili yake ni neno la Kiajemi na Kiarabu la utomvu mweusi wa dawa; Ulaya, kwa karne kadhaa, wauza dawa walisaga maiti za Misri na kuziuza kwa jina hilo. Kwetu neno lilifika kama dawa nyeusi ya mifupa iliyovunjika, kisha likawa jina la watu wa usiku wanaonyonya damu. Bibi aliyekuwa akiwatisha wajukuu wasitoke nje magharibi alikuwa ameshika ncha ya uzi unaokwenda hadi chumba cha Anubis.

Wahenga wa pwani walisema mwosha huoshwa, na Misri zamu iliwafikia makuhani pia. Huko Saqqara, mwaka 2018, ilitangazwa karakana ya kupakia maiti dawa ya enzi ya nasaba ya 26 ya mafarao, karne ya 7 na ya 6 KK, na katika makaburi yaliyounganishwa nayo akakutwa kuhani akiwa na barakoa ya fedha iliyopakwa dhahabu. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa vyombo 31 vya karakana hiyo, vingi vikiwa na maelezo yaliyoandikwa juu yake. Baadhi vinasema kilichomo ni cha kupaka kichwani. Ndani mlikuwa na utomvu kutoka nchi za Mediterania, na mwingine, wa dammar, kutoka misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Nawaza jahazi ngapi zilipokezana mzigo ule, na bahari ipi, ili kichwa cha mtu mmoja kipakwe mafuta kisha kifunikwe.

Michoro ya Fayum, iliyokuja na Warumi, nitaipita upesi ingawa wengi wanaipenda kuliko vyote. Ni nyuso za watu halisi zilizochorwa kwa nta ya rangi kwenye ubao mwembamba na kufungwa juu ya sanda. Petrie alianza kuzifukua Hawara mwaka 1888. Zina hereni, ndevu za ujana, macho yenye maji. Zinatutazama sisi. Kwa maoni yangu ndipo barakoa ya Misri ilipoanza kuishiwa nguvu, maana ile ya zamani haikuwa na haja ya kumtazama mtu. Ilikuwa inatazama njia.

Anubis mwenyewe alisafiri. Ibada ya Isis, mungu wa kike na mke wa Osiris, ilienea hadi Rumi, na katika maandamano yake alikuwapo mtu mwenye kichwa cha mbwa, kama Warumi walivyomwona. Huko ndiko barakoa ilipopata ile maana tuliyoizoea, ya kujificha. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasimulia jinsi Mundus, Mrumi wa tabaka la juu aliyemtamani mke wa mtu aitwaye Paulina, alivyowahonga makuhani wamwambie yule mama kwamba Anubis anamwita hekaluni usiku. Alikwenda, kwa ruhusa ya mumewe, na aliyekuwa akimngoja gizani alikuwa Mundus. Siri ilipofichuka, kaisari Tiberius aliwasulubisha makuhani, akabomoa hekalu, akaamuru sanamu ya Isis itupwe katika mto Tiber. Mundus alifukuzwa tu mjini.

Kisa kingine ni cha mwaka 43 KK, wakati wakubwa watatu wa Rumi walipotundika orodha za watu wa kuuawa. Volusius, ofisa wa mji, alikuta jina lake humo. Alikuwa na rafiki katika ibada ya Isis, akaazima kwake kanzu ya kitani inayofika miguuni na kile kichwa cha mbwa. Mwanahistoria Appian anasema alitoka hivyo, akienda njiani na kuigiza ibada, hadi akamfikia Sextus Pompeius, mpinzani wa wale watatu, na kuokoka. Valerius Maximus, mwandishi wa Kirumi anayekisimulia kisa hicho kwa namna yake, anaongeza kwamba alikuwa akiomba sadaka barabarani. Wala hakuna anayesema kwamba njia nzima alikuwapo mtu wa kumshika mkono.